Kubadilisha sensa ya krenki nyumbani: pima kwanza, fungua baadaye

Gari linalozima likishachemka, kisha likapoa na kuwaka kama halijawahi kuwa na neno, humsumbua mwenyewe kuliko gari lililokufa kabisa. Lililokufa hujieleza. Hili la kuzima na kuwaka hubadilishiwa pampu ya mafuta, halafu plagi, halafu koili, na bado linazima palepale linapotaka. Mara nyingi mkosaji ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, kimeshikwa na bolti moja tu: sensa ya krenki.

Kukitoa na kukifunga kingine ni kazi ya mtu yeyote anayejua kushika spana. Ugumu uko kwenye kujua kwa hakika kwamba ndicho kibovu. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye vipimo, na bolti tutaifikia baadaye. Ukiwa na haraka unaweza kuruka vipimo, ila usishangae taa ya injini ikirudi kuwaka na sensa mpya imo ndani.

Sensa hii inafanya nini

Kwenye krenkishafti, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, kuna gurudumu la meno. Magari mengine wameliweka mbele, nyuma ya pulii. Mengine limo ndani ya bloku. Mengine liko nyuma kabisa kwenye flaiwili. Sensa imekaa ikitazamana na meno hayo, ncha yake ikiwa karibu kuyagusa. Kila jino linapopita, sensa hupeleka mpigo wa umeme kwenye kompyuta ya injini, nayo huhesabu.

Mpangilio unaokutwa kwenye magari mengi ni wa nafasi 60 za meno, mawili yakiwa yameachwa makusudi, hivyo meno halisi ni 58 na kila nafasi ni nyuzi 6 za mzunguko. Upo pia wa nafasi 36 wenye jino moja lililoachwa. Ule mwanya ndio alama: kompyuta ikiuona inajua krenki imefika wapi, na kuanzia hapo inahesabu jino kwa jino ili kuamua plagi itoe cheche lini na nozeli imwage mafuta lini.

Sasa sikiliza jambo linalopoteza watu. Mapigo yakikatika, kompyuta huamini kwamba injini imesimama, na kwenye magari mengi ya petroli huizima pampu ya mafuta papo hapo. Ni utaratibu wa usalama, ili gari lililopata ajali lisiendelee kusukuma petroli. Matokeo yake ni kwamba sensa ikifa, ukipima mafuta utakuta hakuna presha, na ukipima cheche utakuta hakuna. Mtu akikuta hakuna mafuta huihukumu pampu, akikuta hakuna cheche huihukumu koili, wakati vyote viwili ni vizima na vinasubiri amri. Mafuta na cheche vikipotea pamoja, wa kwanza kushukiwa awe sensa ya krenki.

Sensa zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina sumaku na koili ya waya mwembamba ndani yake. Inazalisha umeme wake yenyewe jino linapopita, na kwa kawaida ina nyaya mbili. Ya pili inaitwa ya Hall, kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 ile tabia ya umeme na sumaku inayotumiwa na sensa hii. Hii haizalishi chochote mpaka ipewe umeme, na kwa kawaida ina nyaya tatu: wa chaji, wa hasi na wa ishara. Lakini usihukumu kwa kuhesabu nyaya peke yake. Zipo sensa za koili zenye nyaya tatu, ambapo ule wa tatu ni ngao ya kuzuia umeme wa jirani usiingilie ishara. Mchoro wa nyaya wa gari lako ndio wenye neno la mwisho, na unahitaji kuwa nao kabla hujashika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Dalili, na zinazofanana nazo

Kuzima kwa joto ndiyo dalili inayojulikana zaidi. Waya ndani ya sensa umekatika mahali, lakini ncha zake bado zinagusana. Injini ikichemka plastiki na waya hutanuka, ncha zinaachana, gari linazima. Baada ya nusu saa zinarudi kugusana. Ndiyo maana ukimpelekea fundi gari likiwa baridi anakwambia haoni tatizo, na anasema kweli.

Dalili nyingine ni kupiga stata muda mrefu kabla injini haijawaka, kumisi bila mpangilio, gari kushtuka kama limekatwa pumzi kisha likaendelea, na mshale wa mizunguko kuanguka hadi sifuri gari likiwa bado linatembea. Huo mshale utazame vizuri. Injini inayokosa mafuta huanza kukohoa na mshale hushuka nayo. Injini iliyopoteza sensa ya krenki hukatika kama umezima swichi, na mshale unaweza kudondoka kabla magurudumu hayajapunguza mwendo.

Taa ya injini inaweza kuwaka au isiwake. Baadhi ya magari, yakipoteza sensa ya krenki, huiegemea sensa ya kamshafti, ile shafti inayofungua vali, na kuendelea kwenda kwa shida, yakichelewa kuwaka na yakivuta vibaya. Mengine hayana huruma hiyo.

Kipimo cha kwanza: kodi na namba hai

Magari ya petroli yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu toleo la 1996, na yale mapya ya soko la Ulaya tangu 2001, yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Kisomaji kidogo cha bei nafuu kinachomeka hapo kinatosha kwa kazi hii.

Kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya injini huzihifadhi, za familia hii ni P0335 hadi P0339. P0335 inasema kuna hitilafu kwenye saketi ya sensa. P0336 inasema ishara inafika lakini haieleweki, mfano meno hayalingani na hesabu. P0337 na P0338 ni ishara ya chini mno na ya juu mno. P0339 ni ya inayokatika na kurudi. Ona kwamba hakuna hata moja inayosema "sensa imekufa". Zinazungumzia saketi, na saketi ni sensa, koneta, nyaya, na upande wa kompyuta. Kuisoma P0335 kama amri ya kununua sensa ndiyo njia ya kujaza sanduku la spea zisizo na kazi.

Ukikuta P0016, tulia zaidi. Hiyo inasema krenki na kamshafti hazikubaliani mahali zilipo. Sensa inaweza kuhusika, lakini mnyororo wa taimingi uliorefuka au mkanda ulioruka jino hutoa kodi hiyohiyo, na kuendelea kuendesha gari la namna hiyo ni kucheza na vali. Hapo sensa ije baadaye.

Andika kodi zote kabla hujafuta chochote. Fungua pia ukurasa wa kumbukumbu ya tukio, ambapo kompyuta huhifadhi joto la injini, mwendo na mizunguko wakati hitilafu ilipotokea. Ikikuonyesha kwamba maji ya injini yalikuwa yamefika nyuzi 90 kila mara, una ushahidi wa joto mkononi.

Kisha fungua namba hai, yaani vipimo ambavyo kompyuta inavisoma wakati huohuo, chagua mizunguko ya injini, na mwombe mtu apige stata. Injini inayozungushwa na stata nzima huonyesha mizunguko kati ya 150 na 250 hivi kwa dakika. Ukiona sifuri huku unasikia injini inazunguka, kompyuta haioni krenki. Ukiona 200, kisha 0, kisha 900, kisha 0, ishara inakatika. Ukiona namba tulivu na gari haliwaki, tafuta kosa kwingine, walau kwa leo.

Kipimo cha pili: macho na vidole

Ifuate waya ya sensa kutoka kwenye koneta mpaka inapoingia kwenye fungu kubwa la nyaya. Sensa hii hukaa mahali pabaya kuliko karibu zote: chini, karibu na ekzosi, mahali oili inapovujia. Ganda la waya lililoloweka oili miaka mingi hulainika kama ubani uliotafunwa. Lililookwa na joto hukauka na kupasuka ukilikunja. Tazama mahali waya unapopita karibu na mkanda au ukingo wa chuma.

Fungua koneta. Ndani pasiwe na oili, maji wala unga wa kijani kwenye pini. Pini iliyorudi nyuma ndani ya plastiki huonekana ukiangalia koneta kwa ubavu ukiwa na tochi: zote zinapaswa kulingana kimo. Kosa la namna hii hurekebishwa bila kununua chochote.

Kama injini inawaka, iache iungurume na uanze kutikisa waya taratibu, kipande kwa kipande, ukikaa mbali na feni na mikanda. Ikizima ukiwa umeshika sehemu fulani, umepata.

Kipimo cha tatu: multimita

Kwa sensa ya koili, zima swichi, chomoa koneta, weka multimita kwenye omu na upime kati ya pini mbili za sensa. Nyingi husoma kati ya omu 200 na 1,500. Kiwango halisi kimo kwenye kitabu cha gari. Sifuri ni shoti, na alama ya upinzani usio na mwisho ni waya uliokatika. Pima pia kati ya kila pini na chuma cha injini: hapo pasiwe na njia kabisa.

Kama imesoma vizuri ikiwa baridi, usiisamehe bado. Zungusha injini mpaka ichemke na ikizima pima tena harakaharaka, au ipashe sensa kwa kikausha nywele huku multimita ikiwa imeunganishwa. Upinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo sensa ya omu 900 ikipanda nyuzi 80 kufika karibu 1,190 ni jambo la kawaida. Kisicho cha kawaida ni namba kuruka ghafla na kupotea. Namba ikipotea kwa joto na kurudi kwa ubaridi, kesi imekwisha. Unaweza kwenda dukani.

Sensa hiyohiyo unaweza kuipima kwa umeme inaouzalisha. Weka multimita kwenye volti za AC, unganisha na pini mbili za sensa huku koneta ikiwa imechomolewa, mtu apige stata. Unapaswa kuona nusu volti au zaidi. Ikitoa kidogo mno na upinzani uko sawa, huenda ncha imejaa vyuma au pengo kati yake na meno limekuwa kubwa.

Kwa sensa ya Hall, usiipime kwa omu. Ndani kuna elektroniki, kipimo hakitakuambia lolote la maana, na umeme wa multimita unaweza kuiharibu. Badala yake pima inacholetewa. Chomoa koneta, washa swichi bila kupiga stata, na upime upande wa gari: pini moja iwe na volti 5 au 12 kulingana na gari, nyingine iwe na hasi nzuri. Kama chaji haifiki, sensa haina kosa. Anza na fyuzi, kisha nyaya.

Chaji na hasi zikiwepo, rudisha koneta, ingiza kipini chembamba kwa nyuma kando ya waya wa ishara, na pima volti za DC. Weka giaboksi huru, chomoa koneta za koili ili kusiwe na cheche, kisha zungusha krenki polepole kwa spana kwenye bolti ya pulii, upande ambao injini huzungukia. Meno na nafasi zilizo kati yake zikipita, volti ziruke juu kisha zishuke karibu na sifuri, juu, chini, juu, chini. Zikibaki mahali pamoja meno yakipita, sensa haifanyi kazi. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ili kupata ishara; tundu hilo litaingiza maji, na mwakani utakuwa na tatizo ulilojitengenezea.

Kununua

Nunua kwa namba ya chesisi na kwa namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani. Jina la gari na mwaka havitoshi, kwa sababu injini mbili za gari lilelile zinaweza kuwa na sensa zinazotofautiana urefu kwa milimita chache, na milimita hizo ndizo pengo zima. Ukizipata sensa zote mbili mkononi, ya zamani na mpya, zipange sambamba: urefu kutoka sikio la bolti mpaka ncha, umbo la koneta, mahali lilipo tundu la bolti, unene wa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba.

Kuhusu ubora nina msimamo. Zipo spea ambazo hata ya bei ya chini nitaifunga bila wasiwasi, lakini hii haimo. Sensa dhaifu itapita vipimo vyote ikiwa mpya na baridi, halafu ikukatie gari katikati ya barabara yenye malori. Chukua ya kampuni iliyotengeneza ile ya awali, au jenyuini kama mfuko unaruhusu. Sensa ya mtumba kutoka kwenye injini chakavu imeokwa kwa joto kwa miaka ileile kama yako.

Maandalizi

Unahitaji soketi, mara nyingi namba 10, na mpini mfupi na mrefu wa racheti pamoja na ekstensheni. Bisibisi bapa ndogo. Dawa ya kulegeza kutu. Dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tochi, miwani na glavu. Baadhi ya magari hutumia bolti yenye kichwa cha nyota, kwa hiyo angalia kwanza.

Injini iwe baridi kabisa. Ekzosi iliyo sentimita chache kutoka kwenye mkono wako haitakuonya. Kama sensa inafikiwa kwa chini, egesha mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua kwa jeki na ulaze gari kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingize hata bega chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia.

Toa teminali ya hasi ya betri. Hii si adabu tu: sensa nyingi hukaa jirani na stata, na waya mkubwa wa stata una umeme wa betri muda wote. Spana ikiugusa huku inagusa bloku, utaona cheche ambazo hutazisahau. Kama redio ya gari lako inadai namba ya siri baada ya betri kutolewa, itafute kabla.

Kutoa ya zamani

Piga picha ya njia ya waya kabla hujachomoa chochote: umepita juu ya bomba lipi, umeshikwa na klipu ngapi. Njia hiyo wahandisi waliichagua ili kuukwepa ekzosi na mkanda, na ukisharudi na sensa mpya mkononi utakuwa umeisahau.

Koneta zina kikufuli cha plastiki. Kwenye gari lililozeeka plastiki hiyo imekuwa kavu kama biskuti. Isukume kwa kidole au kwa bisibisi kwa upole na uvute koneta yenyewe, si waya. Ikikataa, isukume ndani kidogo kwanza ili kuondoa mzigo kwenye kikufuli, kisha ibonyeze tena.

Kabla ya kufungua bolti, safisha eneo lote kwa brashi na dawa ya breki. Mchanga uliokusanyika kuzunguka sensa utaanguka kwenye tundu pale tu utakapoitoa, na tundu hilo linaweza kuwa linaelekea ndani ya injini.

Sasa bolti. Soketi ikae mpaka mwisho kwenye kichwa, kwa sababu nafasi ni finyu na kichwa kikiviringika umejiongezea nusu siku. Kama ina kutu, nyunyizia dawa na uiache ifanye kazi. Kisha legeza kidogo, kaza kidogo, legeza tena. Bolti ndogo ya milimita 6 hukatika bila kelele.

Bolti ikitoka, sensa huwa haitoki. Hapa ndipo kazi ilipo. Oringi imeganda, kutu imevimba kati ya plastiki na chuma, na sensa imejishikiza kama sehemu ya bloku. Usiibanjue kwa bisibisi chini ya sikio. Sikio litavunjika na mwili utabaki ndani. Nyunyizia dawa kuzunguka ukingo, subiri, kisha shika mwili wa sensa kwa koleo na uizungushe kulia na kushoto kwenye mhimili wake, kidogo kidogo, mpaka uhisi inalegea. Mwanzo itasogea kiasi cha unywele. Ongeza dawa, endelea. Ikianza kuzunguka bila kusita, ivute huku ukiendelea kuizungusha.

Ikivunjika ndani, usiipige nyundo kuelekea chini wala usiitoboe mpaka upande wa pili. Fungia skrubu ya kufungia mbao katikati ya plastiki iliyobaki, kina kifupi tu, kisha ivute skrubu kwa koleo ukizungusha. Vipande vyovyote viokote. Ukihesabu kimoja kimepungua, kitafute.

Sensa inayoingia ndani ya bloku huacha oili idondoke kidogo, kwa hiyo weka chombo chini. Itazame ncha ya sensa uliyoitoa. Ukungu mwembamba wa unga wa chuma ulioshikwa na sumaku ni wa kawaida kwa injini iliyofanya kazi miaka. Mikwaruzo kwenye ncha ina maana meno yameigusa, na hapo swali ni kwa nini. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari ya injini yenyewe.

Kabla ya kufunga mpya, chungulia meno kupitia tundu huku mtu akizungusha krenki kwa spana. Unatafuta jino lililokunjwa, lililovunjika au lililozibwa na uchafu. Kama meno yako kwenye pulii yenye tabaka la mpira katikati, chora mstari kwa chaki kutoka kitovu hadi ukingo wa nje. Siku nyingine ukikuta mstari umeachana, ukingo umeteleza juu ya mpira, na hakuna sensa itakayotibu hilo.

Kufunga mpya

Safisha tundu na sehemu bapa ambayo sikio la sensa litakalia. Kutu iliyobaki hapo huinua sensa na kuongeza pengo. Hakikisha oringi ya zamani haikubaki ndani. Ni kosa la kawaida, maana ni nyeusi na tundu ni jeusi.

Paka oringi mpya tone la oili ya injini. Silikoni na gundi ya gasketi hazina kazi hapa. Ingiza sensa kwa mkono, ukiizungusha kidogo, mpaka sikio likae sawasawa juu ya bloku bila mwanya. Bolti isitumike kuivuta sensa ndani. Kama haifiki kwa mkono, itoe utazame kuna nini. Baadhi ya sensa huja na kikaratasi kwenye ncha cha kupangia pengo. Soma maelekezo yake, kwa sababu hizo hufungwa kwa utaratibu wake.

Kaza bolti. Kwa ile ya milimita 6, niutoni mita 8 hadi 10 ndicho kiwango kinachokutwa mara nyingi, na kitabu cha gari lako kikisema tofauti kifuate. Usipokuwa na spana ya kupimia, shika racheti karibu na kichwa chake badala ya mwisho wa mpini, na ukaze mpaka ihisi imara, basi. Sikio ni la plastiki.

Rudisha waya kwenye njia ileile ya picha, na klipu zake zote. Koneta isukume mpaka usikie inalia "ta", halafu ivute kidogo kuhakikisha. Kama umenunua sensa ya kuunganisha nyaya mwenyewe, angalia rangi mara mbili: sensa ya koili ikigeuzwa nyaya zake bado itatoa umeme, lakini ishara itakuwa kinyume na taimingi itachezacheza. Ni kosa gumu kulinasa baadaye.

Kabla ya kurudisha betri, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukisikia mkwaruzo, simama.

Kuwasha na kuthibitisha

Unganisha betri, futa kodi, piga stata. Iache iungurume huku unatazama mizunguko kwenye kisomaji, iwe tulivu. Chungulia chini uone kama sensa inavuja oili.

Injini kuwaka mara moja ikiwa baridi hakuthibitishi chochote, hata ile mbovu ilikuwa ikiwaka baridi. Endesha mpaka ifike joto lililokuwa likiizima, izime mwenyewe, iache dakika kumi ili joto lipande chini ya boneti, kisha iwashe. Ile dakika ya kuwasha injini iliyooka bila feni ndiyo mtihani halisi.

Magari mengine hudai kujifunza upya tofauti ndogondogo za meno baada ya sensa kubadilishwa. Ukikuta P0315, au taa ya injini inadai kuna misi ambayo huisikii, ndicho kinachoombwa. Baadhi hujifunza yenyewe ukiendesha na kuachia mafuta gari likijivuta kwenye gia; mengine yanahitaji mashine ya fundi yenye uwezo wa kutoa amri hiyo.

P0335 ikirudi na sensa mpya ni nzima, usinunue ya pili. Toa hasi ya betri, chomoa koneta ya kompyuta ya injini na ya sensa, kisha pima kila waya kutoka mwisho hadi mwisho: njia iwepo, isigusane na jirani yake, wala isiguse chuma cha gari. Fanya hivyo huku unaikunja waya sehemu zile ulizoziona zimekauka. Na ile sensa ya zamani iweke kwenye boksi la mpya mpaka gari limalize wiki kadhaa bila kuzima, maana vipimo vikibadilisha mawazo yako utataka kuilinganisha tena.